Ada ya Mkaguzi na Mwenendo wa Kikundi

(Maneno ya mgeni mwalikwa, mhasibu na mkaguzi wa hesabu, kwenye mkutano mkuu wa kuadhimisha miaka kumi, Makambako)



Niliandikiwa barua nije kusema juu ya umuhimu wa ukaguzi wa hesabu. Kwa ruhusa yako Ndugu Mwenyekiti, umuhimu nitauacha. Akina mama waliofungua sanduku moja kwa miaka kumi, wakahesabu mbele ya macho ya kila mtu na kulifunga tena, hawahitaji mimi niwafundishe umuhimu wa hesabu. Nitasema juu ya jambo ambalo nimeambiwa liliwafanya mwezi uliopita mtawanyike usiku bila kufunga kikao kwa wimbo, nalo ni ada ya mkaguzi.

Wageni hawalijui, basi nilieleze kidogo. Kikundi hiki kimesajiliwa halmashauri kama vikundi vingine vya hisa. Sasa mnataka kuwa SACCOS. SACCOS ina leseni, inasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na hesabu zake lazima zikaguliwe kila mwaka na mkaguzi wa nje. Mkaomba bei mapema, zikaja mbili, na ile ya pili ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Hapo ndipo moto ulipowaka. Wengine wakasema tuchukue ya chini, pesa ni za watoto. Mwingine, sitaki jina, akasema huyu wa juu ni mwizi mwenye miwani.

Mimi simjui wa juu wala wa chini. Lakini kazi hii nimeifanya muda mrefu, na naweza kuwaeleza bei inavyopikwa jikoni.

Mkaguzi anauza vitu viwili. Cha kwanza ni siku zake. Tuseme, kwa mfano tu, siku moja ya mkaguzi na msaidizi wake ni shilingi 200,000. Akikuta vitabu viko sawa, kila mkopo una faili, kila stakabadhi ina namba, anamaliza siku nne: 800,000. Akikuta stakabadhi ziko kwenye mfuko wa rambo pamoja na mbegu za maboga, anakaa siku tisa: 1,800,000. Kikundi ni kilekile na pesa ni zilezile, ila hizo siku tano za kuchambua mfuko wa rambo mmezilipia nyinyi.

Kitu cha pili ni sahihi yake. Akishaweka sahihi, amesema mbele ya watu kwamba hesabu hizi zinaonyesha hali halisi. Kesho ikigundulika mweka hazina alikuwa na daftari mbili, watu watamuuliza na yeye alikuwa anaangalia nini. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ile NBAA, inaweza kumwita ajieleze. Kwa hiyo palipo na mashaka, ama aongeze siku za kuchimba, ama aongeze bei kwa ajili ya hatari anayoibeba, au aikatae kazi kabisa.

Haya yalichunguzwa zamani. Mwaka 1980 mtaalamu mmoja aitwaye Dan Simunic alichapisha uchunguzi juu ya ada za ukaguzi za kampuni za Marekani. Alikuta ada inakwenda na ukubwa wa kampuni, na idadi ya matawi yake, na tena na hatari. Na hatari mojawapo aliyoipima ni hii: katika mali yote ya kampuni, kiasi gani kiko mikononi mwa wadaiwa? Sasa jamani, hebu tujitazame. Mali ya kikundi chetu iko wapi? Sandukuni zimo kidogo tu. Karibu yote iko kwa wadaiwa, yaani kwetu sisi wenyewe tuliokaa hapa. Na matawi tunayo mawili, umbali wa kilomita 60 hivi. Mkaguzi yeyote akiona hivyo tu, kabla hajanywa hata chai, bei imeshapanda ngazi mbili.

Hadi hapo nimesema juu ya vitabu. Lakini siku hizi mkaguzi hutazama na mambo yaliyo nje ya vitabu, na hapo ndipo wengi wanashangaa. Mama mmoja wa Njombe ameniuliza tukiwa kwenye basi: "Mkaguzi wa hesabu ana habari gani na miti, na mto, na vibarua? Si ahesabu pesa aondoke?" Swali zuri. Nitajibu kwa mambo tunayoyaona.

Nani hapa hajaona miwati ya TANWAT? Kampuni ile ilianza mwaka 1949 hapa Njombe kwa ajili ya magome ya miwati ya kutengenezea ngozi. Sasa chukueni kampuni yoyote ya misitu, popote. Mali yake kubwa ni miti iliyosimama. Kiko kiwango cha kimataifa cha hesabu za kilimo, kinaitwa IAS 41, kilichoanza kutumika mwaka 2003. Kinasema miti ya mbao ithaminiwe kila mwaka na thamani iandikwe vitabuni. Basi mkaguzi hawezi kukaa ofisini. Atauliza ni hekta ngapi, miti ina umri gani, moto wa Oktoba uliunguza wapi, mpaka na kijiji uko wapi na kama kuna kesi. Kampuni iliyotunza msitu vizuri ina ramani, ina daftari la moto, ina mihtasari ya vikao na wanakijiji. Mkaguzi anachagua sehemu chache, anakwenda kuona kama maandishi yanalingana na ardhi, anarudi. Kampuni isiyojali haina hata kimoja, na ikisema ina hekta elfu, mkaguzi aamini kwa lipi? Nilipokuwa bado kijana kazini nilitumwa kwenye shamba la miti la mkoa mwingine, jina nalihifadhi. Tulitembea siku tatu tukitafuta msitu ambao vitabuni ulikuwa wa miaka kumi na miwili. Tulikuta mahindi. Mahindi mazuri sana, lakini mahindi. Mwaka uliofuata mkubwa wangu alipandisha bei, na mwaka wa tatu akawaambia watafute mtu mwingine.

Na vibarua vilevile. Kampuni isiyopeleka michango ya NSSF ya wafanyakazi wake ina deni, hata kama deni hilo halikuandikwa popote. Anayemwaga maji machafu mtoni ana faini inayomngoja. Mwaka 2019 Baraza la Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi wa North Mara kule Tarime faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa lake la mabaki. Huko Ujerumani, kampuni ya magari ya Volkswagen ilikamatwa mwaka 2015 kwa kuweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi kwenye magari kama milioni 11, na katika hesabu za mwaka huohuo ikabidi itenge yuro bilioni 16.2 za kulipia fujo hiyo. Mnaona? Moshi ulitoka kwenye bomba, ukaingia kwenye mizania. Ndiyo maana mkaguzi hunusa mapema.

Wataalamu wamelipima na hili. Mwaka 2013 wawili, Koh na Tong, walionyesha kwamba kampuni za Marekani zenye matendo ya kutatanisha kwa mazingira, wafanyakazi na jamii zilitozwa ada kubwa zaidi za ukaguzi. Sababu si ya ajabu, hata bibi zetu waliijua. Mtu anayemdhulumu kibarua wake, unamkopesha kwa tahadhari.

Lakini msiondoke hapa mkisema mgeni ametuambia wema unapunguza bei, basi. Haiko hivyo moja kwa moja. Kuna uchunguzi mwingine uliokuta kampuni zinazojali hayo mambo zinalipa zaidi, kwa sababu mbili. Moja, wenye kujali mara nyingi huchagua wakaguzi wakubwa na hutaka kazi ya kina. Ya pili ni kwamba ukitangaza mengi, kuna mengi ya kuhakikiwa. Jambo hili linakua. Mwaka 2023 vilitolewa viwango viwili vya kimataifa vya taarifa za uendelevu, IFRS S1 na S2, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizovikubali. Mwaka 2024 kikatoka kiwango cha wakaguzi wa taarifa hizo, ISSA 5000. Hivyo ni vya makampuni makubwa, msiogope, hakuna atakayekuja Makambako kuuliza kikundi cha akina mama kinatoa moshi kiasi gani. Ila desturi ya kuuliza inashuka chini. Benki Kuu ilitoa mwongozo mwaka 2022 unaozitaka benki ziangalie hatari za tabianchi. Benki itamuuliza mkopaji wake, na SACCOS ikitaka kukopa benki ndiyo mkopaji mwenyewe.

Wenye parachichi nadhani mmeshanielewa kabla sijamaliza. Wale walio kwenye vikundi vya GLOBALG.A.P. wanajua mkaguzi wa nje hatembelei wakulima wote. Anachukua ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata idadi ya wakulima. Mko 100, anatembelea 10. Mko 49, anatembelea 7. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu kikundi chenyewe kimeshajikagua ndani, shamba kwa shamba, na kimeandika. Akikuta hao wachache wana makosa na daftari la ndani linasema kila mtu yuko sawa, hawezi tena kuliamini daftari. Atapanua. Siku zinaongezeka, na bili inakwenda kwenye kikundi. Kwa hiyo mkulima mmoja anayeficha chupa ya dawa chini ya kitanda anawapandishia wenzake wote ada. Sijui kwa nini hili halisemwi kwa sauti kwenye vikao vya parachichi.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu sikuja kuwasema wazungu wa magari.

Mama Katibu alinipa nisome taarifa ya miaka kumi iliyomo kwenye kitabu hiki. Nimeisoma mara mbili. Imenifurahisha sana pale mnaposema wanachama wameacha kukimbilia mikopo ya kausha damu. Lakini mna sentensi moja isemayo mmepanda miti mingi kuzunguka vyanzo vya maji, Njombe na Makambako. Mimi kama mkaguzi nasimama hapo. Mingi ni mingapi? Ilipandwa mwaka gani, na fedha ya miche ilitoka mfuko wa jamii au ilitolewa na wafadhili? Leo iliyo hai ni mingapi? Nilipomuuliza mama mmoja, alicheka akasema mbuzi walikula mingine. Sawa, mbuzi ni mbuzi. Lakini kama kuna ndugu hapa aliyechangia miche, taarifa inamwambia miti ipo. Mkaguzi akienda akakuta visiki, ataanza kujiuliza kama na mikopo iliyoandikwa "imelipwa" imelipwa kama miti ilivyopandwa. Mashaka hayakai kwenye ukurasa mmoja, mama zangu. Yanahama.

La pili ni vinyungu. Najua nagusa chungu cha watu. Viazi na mboga vya kiangazi vinatoka bondeni, na nimeambiwa sehemu kubwa ya mikopo ya miezi ya kiangazi inakwenda huko. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya milima yetu hii kupitia Usangu, ulianza kukauka wakati wa kiangazi kuanzia mwaka 1993, na tangu hapo serikali haikuacha kuulizia vyanzo vya maji. Sisemi wanaolima vinyungu ni wahalifu. Na mimi nilisomeshwa na kinyungu. Nasema hivi: mkopo ambao marejesho yake yanategemea bustani iliyo mita 10 kutoka mtoni una hatari mbili, ya bei ya viazi na ya bwana mazingira. Mkaguzi mzuri atauliza mikopo ya namna hiyo ni mingapi. Mkiwa na jibu, mmeandika kwenye fomu ya mkopo shamba liko wapi, anapata picha mara moja. Mkiwa hamna jibu, ataichukulia yote kuwa ya mashaka, atataka mtenge fedha ya kufidia isiyolipika, na gawio la mwisho wa mwaka litapungua. Hapo mtasema ametuibia.

La tatu nalisema kwa heshima, kwa sababu Mama Mweka Hazina ni mtu ninayempenda. Marejesho ya upande wa Njombe yanaingia kwenye simu yake. Simu yake mwenyewe, ambayo pia inapokea pesa za mtoto aliye Dar es Salaam na malipo ya kuku. Hajachukua hata senti, naamini hivyo. Lakini mkaguzi akitaka kuthibitisha anapaswa kutenganisha kuku na kikundi, muamala kwa muamala, mwaka mzima. Hizo ni siku mbili au tatu za ada, na zinamweka mama wa watu kwenye mashaka asiyostahili. Fungueni laini ya kikundi au akaunti yenye watia sahihi watatu, kama sanduku lilivyo na funguo tatu. Hapo wenyewe mlikuwa mbele ya benki, sijui mlirudi nyuma lini.

Na huyu wa bei ya chini? Nimeuliza, nikaambiwa aliahidi kumaliza bila kuja, atumiwe tu vitabu kwa basi. Loo! Bei ndogo peke yake si kosa. Huenda ni kijana anayeanza, hana ofisi kubwa ya kulipia. Lakini kanuni zetu za maadili, zinazofuatwa na wakaguzi dunia nzima, zinaonya kwamba ada ikiwa ndogo mno kuliko kazi inatia hatarini umahiri na umakini wa mkaguzi katika kazi, na zinakataza kabisa ada ya ukaguzi inayotegemea matokeo, yaani nikikupa hati safi unilipe, nisipokupa usinilipe. Mtu ambaye hatafungua sanduku, hataongea na mdaiwa hata mmoja, hataona tawi la Njombe, sahihi yake itawasaidia nini siku Tume au benki ikiuliza? Mtakuwa mmelipa kidogo kwa kitu ambacho hakipo. Kwangu mimi hiyo ndiyo bei kubwa kuliko zote mbili.

Wa bei ya juu naye msimkubali hivihivi. Mwiteni. Mwambieni aandike siku ngapi na za kazi gani. Muulizeni: tukikuletea orodha ya wadaiwa iliyosainiwa na kila mdaiwa, unapunguza siku ngapi? Tukitenganisha simu? Tukikupa daftari la miti na la mikopo ya mabondeni? Mkaguzi mwaminifu atakaa chini apige hesabu upya, kwa sababu anajua kazi ipi imemwondokea. Akisema bei ni ileile hata mfanye nini, muulize wa tatu. Na mwaka wa kwanza tegemeeni bei kuwa juu kidogo kwa vyovyote, maana bado hawajui. Mwaka wa pili ndio wa kubishana.

Kuna dada amenyoosha mkono. Anauliza kama si nafuu tufute mfuko wa jamii na habari ya miti ili mkaguzi asiwe na la kuuliza. Nimelisikia hilo kwenye makampuni pia, usijione mshamba. Wapo waliopunguza taarifa zao zikabaki kurasa mbili. Dada yangu, mfuko wa jamii ndio uliozika wazazi wa watu humu ndani, na mwanachama aliyesaidiwa kwenye msiba harudishi mkopo kwa kusukumwa. Mkiufuta mtaokoa labda nusu siku ya mkaguzi, mkaongeza wadaiwa sugu. Uandikieni daftari lake tu: nani kapewa, lini, kwa uamuzi wa kikao kipi. Na miti msiifute, ihesabuni. Ikiwa imebaki 40, andikeni 40 na mbuzi waandikwe.

Mama Katibu ameninong'oneza kwamba kuhesabu kunaanza Jumamosi saa mbili asubuhi, upande wa Makambako kwanza, na Njombe Jumamosi inayofuata. Mimi nitakuwepo siku zote mbili, bila ada. Viazi vya kuchoma sitakataa.